Wifi Wawili na Sufuria Moja: Ujaze Sahani ya Mboga au Ule Kidogo Kilichokolea Nazi?

Mhusika wa kisa hiki ni mama wa miaka 43, mkazi wa Mikindani, ambaye kila asubuhi hupanda daladala kwenda kuuza vitenge sokoni Mtwara mjini. Ana kilo 91 kwa urefu wa sentimita 158. Kliniki walimpima presha, wakaona imeanza kupanda, wakamwambia apunguze mwili. Apunguze vipi, hakuambiwa. Nitamwita Mama Vitenge, maana Mikindani ni padogo na watu wanajuana.

Nyumbani wako sita: yeye, mume wake, watoto wawili waliokwisha kuwa wakubwa, mama mkwe, na wifi yake, dada wa mume, ambaye ni fundi cherehani na hushonea hapo hapo barazani. Kwa kuwa Mama Vitenge anarudi jioni, mpishi wa siku nyingi ni huyo wifi. Hili la nani anapika lishikeni, lina uzito kuliko linavyoonekana.

Wawili hao hawakukubaliana tangu mwanzo. Mama Vitenge alikuwa amesoma mtandaoni kwamba dawa ya njaa ni kula chakula kingi chenye kalori chache: jaza mboga za majani, matango, nyanya, supu, tumbo litosheke bila mwili kuongezeka. Wifi yake, aliyewahi kutoka kilo 70 hadi 62, alimcheka. Kwake yeye siri ni kula kile unachokipenda, kikiwa kimekolea, ila kidogo. "Wifi, wewe unakula majani kama unashindana na mbuzi," alimwambia siku moja mbele ya watoto. "Kula wali wako wa nazi, kisosi kimoja, unyamaze."

Walipokuja kwangu kwa ushauri walitaka niamue nani yuko sahihi. Niliwaomba kwanza wanieleze walichopika na kilichoingia sufuriani. Majina ya vyakula hayatoshi kwa kazi hii. Mtu akikuambia "jana nilikula kisamvu" hajakuambia kitu, kwa sababu kuna kisamvu cha kalori 80 na kuna cha kalori 400, na kwa macho vyote ni kijani.

Tuanze na jaribio la kwanza, la mlima wa mboga. Lilidumu wiki tatu. Mama Vitenge alipunguza ugali wake wa jioni kutoka unga wa gramu 200 hivi hadi gramu 120, na badala yake akawa anakula mabakuli mawili ya kisamvu pale alipozoea moja. Wiki tatu zikaisha, mizani ikabaki kilo 91 vilevile. Akaanza kuamini kwamba mwili wake "haushuki", neno ambalo nalisikia sana na silipendi hata kidogo, kwa sababu hufunga mjadala kabla hesabu haijafanywa.

Hesabu yenyewe ni hii. Unga wa mahindi au wa muhogo mkavu una kalori kama 350 kwa kila gramu 100. Alipoacha gramu 80 za unga aliokoa kalori 280. Vizuri sana. Sasa twende kwenye kisamvu. Majani yenyewe, baada ya kutwangwa na kuchemshwa, hayana makuu. Lakini wifi hupikia nazi mbili, tui zito lote, na hulirudisha jikoni mpaka mafuta yaelee juu, kama kisamvu cha heshima kinavyotakiwa kuwa. Nyama ya nazi moja ya kadiri, gramu kama 400, ina kalori zipatazo 1,400. Mbili zina 2,800. Machicha yanabaki na sehemu yake, ila mafuta mengi huenda na tui, hivyo tukisema tui limebeba kalori 1,700 hatujaonea mtu. Gawanya kwa watu sita: kalori 280 na ushei kwa kila bakuli.

Mama Vitenge alikula mabakuli mawili. Alichookoa kwenye ugali alikirudisha kwenye tui, karibu kalori kwa kalori. Kwa hiyo kanuni ya kujaza sahani ilikuwa bado haijajaribiwa nyumbani kwake. Alikuwa amejaza sahani kwa chakula kizito chenye rangi ya chakula chepesi.

Hapa ndipo ushauri wa mtandaoni unapotupotosha watu wa pwani. Unaposomeka "kula mboga kwa wingi", aliyeandika anawaza majani mabichi au ya kuchemsha. Mchicha mbichi una kalori 23 kwa gramu 100, tango 15, nyanya 18. Sisi mboga za majani huku Kusini tunaziunga kwa nazi, kwa karanga, mara nyingine kwa korosho zilizotwangwa. Karanga, korosho na ufuta vyote viko kwenye kalori 550 na kitu kwa gramu 100. Mchicha unaoingia kwenye sufuria hiyo unatoka ukiwa chakula kingine.

Jaribio la pili lilikuwa la wifi, na Mama Vitenge alilifuata kwa uaminifu kwa wiki mbili. Mchana kisosi cha wali wa nazi na kipande cha samaki wa kukaanga, usiku vivyo hivyo. Kwa karatasi mlo huo ni mzuri: wali wa nazi gramu 150 ni kalori karibu 280, samaki na mafuta aliyoyanywa kikaangoni tuseme 200, jumla 480. Ukila hivyo mara mbili na chai ya asubuhi, huwezi kukosa kupungua.

Tatizo ni kwamba mlo wote ule haukufika gramu 260. Saa tisa alasiri Mama Vitenge, aliyekuwa amesimama tangu asubuhi akikunja na kukunjua vitenge, alikuwa anatetemeka kwa njaa. Meza ya jirani yake sokoni inauza korosho zilizokaangwa. Mtwara korosho haitafutwi, yenyewe ndiyo inakutafuta. Kifuko cha gramu 100 kikaliwa wakati wa kuhesabu hela, na usiku, watu wamelala, akaamka kumalizia kiporo cha ugali na mchuzi. Mizani ikapanda nusu kilo.

Kuhusu korosho niseme jambo moja kabla sijasonga mbele, kwa sababu watu wanaiogopa kupita kiasi. Watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walipima kalori ambazo mwili unazipata hasa kutoka kwenye korosho, wakakuta gramu 28 zinatoa kama 137, wakati kwa hesabu ya kawaida zingekuwa 163. Sehemu ya mafuta hubaki imefungwa ndani ya kokwa na kutoka na choo. Upungufu huo wa asilimia 16 ni habari njema kwa mkoa wetu, ila haumsaidii anayekula kifuko kizima akiwa na njaa. Hata ukitoa hiyo asilimia, kifuko kile kilikuwa karibu sawa na mlo wake wa mchana.

Sasa swali la haki: mbona njia hiyo ilimfaa wifi? Nilimuuliza siku yake inakwendaje. Anakunywa chai saa moja, saa nne anakata kipande cha muhogo wa kuchemsha, saa saba anakula kisosi chake, alasiri tunda au ming'oko (mizizi ya porini ya kuchemsha) ikipita, jioni kisosi tena. Anakula mara tano, na jiko liko hatua chache kutoka kwenye cherehani. Akisikia njaa ananyanyuka, anaonja, anarudi kushona. Tena ndiye anayeshika upawa, kwa hiyo anajua kila mara kilichoingia na kilichotoka. Na tangu utotoni, mama yake mwenyewe anasema, hakuwa mlaji. Kula kidogo kilichokolea kunamfaa mtu wa namna hiyo. Mtu anayekaa muda wa saa tisa mbali na nyumbani, anayekula mara mbili, na aliyezoea tumbo kujaa ndipo aseme ameshiba, ukimpa kisosi umempa njaa na pesa mfukoni, na soko zima limemzunguka.

Kushiba kuna sehemu zaidi ya moja, na hapa sayansi inawapa wote wawili haki kidogo. Tumbo lina neva zinazohisi kutanuka kwake na kupeleka habari ubongoni. Hizo hazijui kalori, zinajua ujazo. Ndiyo maana bakuli kubwa la mchuzi mwepesi linatuliza haraka. Lakini ujazo ukiwa maji matupu hautulii muda mrefu. Mtafiti Barbara Rolls wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, na wenzake waliwahi kuwapa wanawake chakula kilekile kwa namna tatu: kikavu, kikavu na glasi ya maji pembeni, na kikiwa kimepikwa na maji hayohayo kuwa supu. Waliokunywa supu ndio waliokula pungufu kwenye mlo uliofuata. Glasi ya maji pembeni haikusaidia. Ule ushauri wa kujijaza maji kabla ya kula, ambao Mama Vitenge alikuwa ameufuata pia, hauna nguvu kama mchuzi.

Upande mwingine, protini na nyuzinyuzi hushikilia shibe. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney walilinganisha vyakula 38 kwa kiasi chenye kalori sawa, wakapima watu wameshiba kiasi gani kwa saa mbili. Mkate mweupe ukapewa 100. Viazi mviringo vya kuchemsha vikafika 323, samaki 225, na krosanti, andazi la Kifaransa lililojaa siagi, likaambulia 47. Kalori zilezile, shibe tofauti kabisa. Ukiangalia orodha hiyo kwa macho ya jikoni Mikindani, samaki wa soko la Feri ndiye rafiki mkubwa wa mtu anayepunguza mwili, na vitumbua vya asubuhi ndivyo vinavyomuuza.

Utafiti ninaoutegemea zaidi katika kisa hiki ulifanywa na Kevin Hall na wenzake katika taasisi za taifa za afya za Marekani, ukachapishwa mwaka 2021. Watu wazima 20 walilazwa hospitalini, wakala wiki mbili chakula cha mimea chenye mafuta machache, na wiki mbili chakula cha nyama na mafuta mengi chenye wanga kidogo sana, kila mtu ale atakavyo. Kwenye chakula chepesi walikula pungufu kati ya kalori 550 na 700 kwa siku, na walipoulizwa, njaa na raha ya chakula hazikutofautiana. Kwa Mama Vitenge hilo ni jibu zito: aliyezoea kujaza sahani aijaze, mradi kilichomo ni chepesi kweli. Ila wale 20 hawakuwa na mama mkwe, wala meza ya korosho jirani.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa mgumu kuliko wote. Nyumba ile hula kwenye sinia, ugali katikati, kitoweo bakulini, mikono inakutana. Mama Vitenge alipoanza kujipakulia pembeni, bibi aliuliza siku ya kwanza, "Mwanangu, kwani unaumwa?" Siku ya tatu akamuuliza kijana wake kama kuna ugomvi ndani. Kula sahani ya peke yako kwenye nyumba kama ile kunasomeka, hata ukiwa na nia njema namna gani. Na kwenye sinia la pamoja kuhesabu haiwezekani; tonge huzihesabu mpaka umeonekana huna adabu.

Tulipokaa wote wanne, na bibi akiwemo, mpango haukuwa wa kuchagua mshindi. Tuligawanya siku. Mchana, sokoni, Mama Vitenge hana mamlaka na sufuria ya mama ntilie. Hawezi kujua mafuta kiasi gani yameingia kwenye mchicha wa pale, kwa hiyo kujaza mboga za pale ni kubahatisha. Mchana anakula kwa njia ya wifi, kidogo na kizito, ila kizito cha protini: wali nusu sahani, maharage au mbaazi maradufu, na samaki. Maharage na mbaazi za kuchemsha zina kalori 120 hadi 130 kwa gramu 100, na shibe yake inafika jioni kwa namna ambayo wali pekee hauwezi. Anaongeza papai au chungwa saa tisa, kabla njaa haijampeleka kwenye meza ya jirani.

Jioni, nyumbani, ndipo sahani inajazwa. Na hapa kazi ilikuwa ya wifi. Nilimwomba asiguse kisamvu chake. Kisamvu kisicho na nazi ni adhabu, na anayeadhibiwa mezani hujilipa usiku. Kipikwe kama kilivyo, nazi mbili kama ni siku yake, ila kwa Mama Vitenge kiwe upawa mmoja. Kinachojaza sahani kitoke kwenye sufuria nyingine: samaki wa chukuchuku, yaani changu au tasi aliyechemshwa kwa nyanya, kitunguu, bamia, limao na pilipili bila tone la mafuta, mchuzi mwingi, bakuli kubwa. Pembeni mchicha au matembele yaliyochemshwa na kuungwa kwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta, ambacho ni kalori 40. Kijiko cha chakula kingekuwa 120, na wifi alikuwa anamimina kwa kukisia moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Anaanza na mchuzi. Ugali unakuja baadaye, unga wa gramu 100 badala ya 200.

Ukijumlisha: ugali 350, samaki na mchuzi wake 230, mboga 90, upawa wa kisamvu tuseme 120, kachumbari 30. Ni kama kalori 820. Jioni yake ya zamani, yenye ugali 700, kisamvu 280 na samaki wa kukaanga 250, ilikuwa 1,230. Tofauti ni kalori 410 kila siku, kutoka kwenye sahani ambayo kwa macho ni kubwa kuliko ile ya zamani. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba kalori kama 7,700, kwa hiyo kwa mlo wa jioni peke yake ni kilo moja kwa takriban siku 19. Kwa karatasi, lakini. Mwili ukipungua nao hutumia pungufu, na sherehe hazikosekani.

Suala la sinia lilitatuliwa na bibi mwenyewe. Alisema tonge la mkwe wake likatwe mapema, liwekwe upande wake wa sinia, na yeye aishie hapo. Mchuzi anywe kwenye bakuli lake, kwa kuwa mchuzi hauliwi na wote kwenye sinia hata hivyo. Hakuna aliyeonekana amejitenga. Mimi nisingelifikia hilo.

Jambo moja nililikataa. Mama Vitenge alitaka kuacha samaki siku tatu kwa wiki "ili kubana zaidi", abaki na ugali wa muhogo na majani. Unga wa muhogo una protini kidogo mno ukilinganisha na wa mahindi, na anayepungua bila protini hupoteza misuli pamoja na mafuta, halafu njaa inarudi mara mbili. Kama ni kubana bei, dagaa na kunde vipo. Nikamwambia pia kwamba angekuwa anatumia dawa za kisukari, hasa sindano za insulini, nisingemgusa sahani yake kabla daktari hajapanga upya dozi. Kupunguza wanga ghafla huku dawa zikibaki zilezile kunaweza kushusha sukari mpaka mtu aanguke.

Miezi minne baadaye ana kilo 86. Haikuwa safari ya mstari ulionyooka. Mwezi wa kwanza zilitoka kilo mbili, wa pili moja na nusu. Ramadhani haikutoka hata robo, kwa sababu futari ya nyumba ile ni mihogo ya nazi, tambi na kaimati, na hakuna mpango wa mshauri unaoshindana na hiyo. Nilimwambia asijipime kabisa mpaka Idi ipite. Mwezi uliofuata zikatoka mbili. Amevuka asilimia 5 ya uzito wake wa mwanzo, kiwango ambacho mara nyingi presha huanza kuonyesha nafuu, na kliniki wanaendelea kumfuatilia.

Katikati hapo aliwahi kukwama wiki kadhaa bila sababu ya wazi. Wifi ndiye aliyeigundua. Upawa wa zamani ulikuwa umevunjika mpini, ukanunuliwa mwingine sokoni, na ule mpya ulipopimwa kwa kikombe ulichukua karibu mara mbili. "Upawa mmoja" ulikuwa umeendelea kuwa upawa mmoja. Sasa wanatumia kikombe cha chai kupakulia kisamvu, na wifi, ambaye bado hajakubali kwamba njia yake ilishindwa, anasema kikombe hicho ni kisosi chake kwa jina jingine. Sina hoja ya kumpinga.

Kilichobaki ni Oktoba. Msimu wa korosho ukianza wifi huenda shambani Masasi kuokota, na hatarudi mpaka Desemba. Jiko litabaki kwa binti mkubwa, ambaye anajua sufuria moja tu: tui lote ndani, kila kitu ndani. Tumekubaliana Mama Vitenge apike mchuzi wa chukuchuku mwenyewe akifika jioni, hata kama familia itakula nusu saa baadaye, na binti apike chochote anachotaka. Binti ameomba kwanza afundishwe kukuna nazi moja badala ya mbili, na bibi amesema hilo atalifundisha yeye.